Kiatu cha Bibi kwenye Nyumba ya Jangwa

Mwaka jana, karibu na kufunga shule, mwalimu wetu wa sayansi alinibakisha darasani wenzangu walipotoka mapumziko. Akavuta kiti akakaa mbele yangu. Aliniambia kwamba kwenye karatasi mimi ni katika wanafunzi wake wazuri, lakini tangu mwaka uanze hajawahi kunisikia nikisema sentensi mbili zinazofuatana. Na darasa la juu la sayansi, lile la Septemba, halimchukui mtu asiyezungumza, kwa sababu sehemu ya alama ni kusimama na kueleza.

"Wiki ijayo tunakwenda kwenye bustani ya wanyama," alisema. "Kila mtu atamweleza mnyama mmoja wa jangwani mbele ya wenzake. Ukizungumza, uko ndani. Usipozungumza, itabidi nikupeleke kwenye kundi la wanaosaidiwa Kiingereza."

Aliyasema kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniuma.

Kiingereza nakijua. Nilitoka Unguja nina miaka minane, na mpaka sasa nimekwisha kuota kwa Kiingereza mara nyingi. Tatizo langu ni macho. Watu wakinitazama wengi kwa pamoja, ulimi unakuwa mzito kama umelala peke yake na haujaamka na mimi. Hata Kiswahili kinanikimbia. Mgeni akija nyumbani kwetu Thamesmead, hapa London, natoa shikamoo yangu kisha nakimbilia jikoni kuosha vyombo ambavyo vishaoshwa. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna anayenikodolea macho.

Basi nikamchagua bilbi. Ni mnyama wa jangwa la Australia, ukubwa wake kama sungura, masikio marefu kama ya sungura pia, pua ndefu iliyochongoka, na mkia mweusi wenye ncha nyeupe kana kwamba ameuchovya kwenye maziwa. Nilimpenda kwa sababu mchana kutwa anajificha shimoni na hakuna anayemlaumu. Nilisoma habari zake zote, nikawa nazikariri bafuni mlango umefungwa, nikizihutubia nguo zinazokauka. Siku moja nikasikia sauti nje ya mlango:

"Wee mtoto, unagombana na nani humo?"

Alikuwa bibi, mama yake mama, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Bibi ni mtu wa kabla ya Mapinduzi, na hulitaja hilo kama vile watu wengine wanavyotaja digrii zao. Anasema anachotaka, popote, kwa sauti ileile anayomwitia mtu aliye ng'ambo ya pili ya barabara. Sijui damu yake ilipita wapi isinifikie.

Shule ikatangaza inahitaji watu wazima wachache wa kufuatana na wanafunzi. Mama anatunza wazee kwenye nyumba yao, na zamu yake ya asubuhi haibadilishiki. Baba anaendesha basi usiku, kwa hiyo mchana ni wake wa kulala. Nilishusha pumzi, nikajua sitaaibishwa na mtu wa nyumbani. Hapo bibi akaweka kikombe chake chini.

"Mie nitakwenda."

"Bibi, Kiingereza hujui," nikamwambia.

"Kwani nakwenda kusutana na hao wanyama?"

"Hakuna simba, bibi. Hakuna tembo. Ni wanyama wa jangwani tu, wa Australia."

"Vizuri zaidi. Simba kila mtu keshamwona."

Mama akacheka mpaka akaegemea friji. Jambo likawa limekwisha.

Asubuhi ya safari bibi alipanda basi la shule na baibui lake jeusi, kanga mpya imechungulia chini yake, na mkononi kikapu cha visheti alivyokesha, kwa kweli alivyotukesheza sote, akivikaanga. Akasimama kwenye njia ya katikati akitazama viti kama mtu anayechagua nyumba.

"Mke mwenzangu!" akaniita. "Wewe kaa dirishani, mie nikae huku niwaone watu."

Nilitamani sakafu ya basi ifunguke. Sisi kwetu bibi na mjukuu hutaniana. Babu yangu, alipokuwa hai, alikuwa akiniita mkewe, na bibi akawa ananigombeza kwamba nimemwibia mume. Unguja hakuna anayegeuza shingo kwa jambo hilo. Ndani ya basi lile nilijua yupo mmoja atakayegeuka: mvulana mrefu kuliko wote darasani, ambaye mama yake ni Mkenya wa pwani. Kiswahili anakielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza. Huyo ndiye aliyenipa jina la Bubu, darasa zima likalidaka.

Akageuka. "We Bubu, kwa nini bibi yako anakuita mke mwenzake?" akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva.

Nikatazama dirishani. Bibi akamtazama yeye.

"Huyu mlingoti anasemaje?"

Mlingoti mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka. Bibi akamkazia macho.

"Kumbe unasikia!"

"Shikamoo, bibi," akasema, matamshi yamepinda lakini neno lilikuwa ndilo.

"Marahaba, baba! Aa, una adabu kumbe. Urefu huo haukwenda bure." Akampa visheti konzi nzima. Kisha akavipitisha basi zima, kiti kwa kiti, mpaka mwalimu akasahau kwamba ndani ya basi hairuhusiwi kula, akachukua viwili.

Bustani yenyewe iko pembeni kabisa mwa London, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana. Mvua ilikuwa inanyunya, ile mvua ya Juni ya huku ambayo hata haijui inataka nini. Tulipitishwa milango miwili ya Nyumba ya Jangwa, wa kwanza ukifungwa ndipo wa pili ufunguke, na huo wa pili ulipofunguka joto likatupiga usoni.

Sijui nilielezeje joto lile. Halikuwa la hita. Lilikuwa joto kavu lenye harufu ya vumbi na majani, na taa kubwa juu zilikuwa zinawaka kama jua la saa saba mchana. Nyuma ya vioo kulikuwa na mchanga mwekundu, mwekundu kweli, kama mtu amesaga matofali. Watu wakaanza kuvua makoti na kupiga kelele. Mimi nilinyamaza kama kawaida yangu, lakini moyo ulikuwa unaruka. Nilikuwa nimesoma habari za mahali hapa kwa wiki nzima, na sasa nilikuwa nimesimama ndani yake, pua yangu imegusa kioo.

Kulikuwa na mjusi wa miiba, mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, mwili wote miiba kama fenesi lililokasirika. Kibao kilieleza kwamba akikanyaga mahali penye maji, maji yanapanda yenyewe kwenye vijifereji vya ngozi yake mpaka mdomoni. Anakunywa kwa miguu! Nilimnong'oneza bibi, naye akamtazama mjusi kwa mashaka, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyo na akae hukohuko kwenye kioo chake."

Kupitia dirisha kubwa la upande wa pili tuliwaona kangaruu kwenye banda lao la wazi. Mmoja alikuwa amejinyoosha ubavu, mkono mmoja umeshika kichwa, tumbo nje.

"Tazama," bibi akasema, "babu yako mtupu. Ijumaa, baada ya pilau."

Mlingoti alikuwa nyuma yetu, akakohoa kwa kicheko mpaka akapaliwa na kisheti. Akawatafsiria wenzake, na wote wakaja dirishani kumtazama babu yangu. Nikajikuta nacheka na mimi, mdomo nimeuziba kwa mkono.

Tulikuwa tumeanza kutawanyika pale mwalimu alipopiga makofi. Akatuongoza kwenye chumba cha mwisho, ambako mwanga ulikuwa hafifu na wa rangi ya machungwa, kama jioni. Chini kulikuwa na mkeka mkubwa. Katikati ya mkeka palikuwa na sinia pana la mbao, la kimo cha goti, limejaa ule mchanga mwekundu. Nyuma yake alisimama mama mmoja mtu mzima, mweusi kuliko bibi, nywele nyeupe amezifunga kwa kitambaa chekundu.

Mama yule alikuwa mwenyeji wa jangwa la katikati ya Australia, katika watu waliokuwapo kule kabla Mzungu hajafika. Alikuja London kwa miezi ya kiangazi ili awaeleze watu wanyama wa kwao kwa namna ya kwao. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu. Alisema hicho ni lugha yake ya nne, na akaongeza kwamba kati ya hizo nne ndicho kinachomchosha.

Jambo la kwanza aliuliza: "Nani mkubwa kuliko wote humu?"

Watu wote wakamtazama mwalimu. Mwalimu akawa mwekundu, akamwonyesha bibi. Bibi, ambaye hakuelewa kwa nini ghafla anatazamwa, alijikagua baibui. Mama yule akaja, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti pekee kilichokuwamo, mbele kabisa, magoti yake yakikaribia sinia.

"Huyu kalelewa," bibi akatoa hukumu. "Mke mwenzangu, njoo nyuma yangu unitafsirie."

"Anakuitaje?" mama mgeni akaniuliza.

Nilimjibu kwa mnong'ono, nikitazama viatu vyangu, ikabidi ainame kunisikia. Akatabasamu.

"Kwetu bibi na mjukuu huitana kwa neno moja," alisema. "Neno la mkubwa kumwita mdogo ndilo la mdogo kumwita mkubwa."

Nikamwambia bibi sikioni. Akapiga paja. "Unaona? Watu wazima wa mahali popote wana akili."

Mama yule akaketi chini, akapitisha kiganja juu ya mchanga mpaka ukawa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Kwa vidole viwili akachora kitu kama kiatu cha farasi.

"Huyu ni mtu ameketi," akasema. "Mtu akikaa mchangani kisha akainuka, hii ndiyo alama anayoiacha."

Akachora wengine watatu. Akachora mviringo katikati yao, ukawa moto. Akasimulia wanawake waliotoka kutafuta chakula, na kila walipohama alifuta mchanga kwa kiganja, akaanza picha mpya. Wakati wote huo hakumtazama mtu. Alisema kwao wanawake husimulia hivyo: macho ya msimuliaji na ya wasikilizaji yote yako mchangani. Niliposikia hivyo nilipata wivu. Nikafikiri, nchi hiyo ingenifaa.

Kisha mfanyakazi mmoja wa bustani akamletea kisanduku. Mama yule akatoa ndani yake mjusi, akamweka mchangani taratibu.

Alikuwa mzuri. Kichwa kipana, macho makubwa kama ya mtoto aliyeamshwa usingizini, na mkia mfupi mnene ulioishia na kifundo kidogo kama kishikizo. Mama yule alisema hana kope, kwa hiyo vumbi likimwingia anajilamba macho kwa ulimi. Mjusi, utadhani amesikia, akatoa ulimi akajilamba jicho. Darasa zima likasema "Aaaa!"

Bibi hakusema Aaaa. Nilikuwa nyuma yake, nikaona shingo yake ikikakamaa. Mjusi akapiga hatua mbili tatu, akafika ukingoni mwa sinia, akaweka mguu mmoja juu ya mbao, uso wake umeelekea goti la bibi.

"Audhubillahi! Mjusi kafiri!"

Na kiatu kikawa juu. Sikuona alikivua saa ngapi. Bibi ana miaka zaidi ya sabini na hupanda ngazi kwa vituo, lakini mkono ule ulikwenda juu kama wa msichana.

"BIBI, USIMUUE!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu. Ilijaa chumba kizima, ikagonga ukuta, ikarudi. Nilikuwa nimemshika bibi mkono kwa mikono yangu miwili, na kiatu kilikuwa kimesimama hewani kati yetu. Mama mgeni hakupiga kelele wala kuruka. Aliweka tu viganja vyake viwili juu ya mjusi kama anayefunika kaa la moto lisizimike.

"Amesema usimuue," Mlingoti akawatafsiria wenzake, polepole, macho kwangu. "Bubu ndiye aliyesema."

Hapo maneno yakaanza kutoka kila upande. Alitaka kumuua? Yule bibi? Kwa nini? Mwingine akasema katili, mwingine akasema amerukwa na akili, mwingine akawa anacheka akiiga mkono wenye kiatu. Mwalimu alisogea, uso umekunjamana. "Kwa nini anataka kumuua? Kimetokea nini?"

"Mwambie mwalimu wako huyo mnyama kalaaniwa," bibi akasema. Lakini alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa anaangalia midomo ya wale wanaocheka, mmoja baada ya mwingine, akijaribu kusoma wanamsema nini. Sijawahi kumwona bibi akiwa hajui afanye nini na mkono wake. Alikuwa bado amekishika kiatu, na mguu mmoja wenye soksi ulikuwa juu ya mkeka.

Nikamtazama Mlingoti. Yeye anaelewa, na yeye anajua kuzungumza. Akatikisa kichwa.

"Mimi najua nusu tu," akasema. "Mama aliwahi kuniambia lakini sikumsikiliza. Waeleze wewe."

Nikafungua mdomo. Macho yote yalikuwa kwangu na ulimi ukaanza kulala, ninaujua unavyofanya. Ndipo mama mgeni, ambaye alikuwa amemrudisha mjusi kisandukuni, akapiga kiganja kidogo kwenye mkeka, ubavuni pake.

"Kaa hapa," akasema. "Usiwatazame wao. Utazame mchanga."

Nikakaa. Akaufuta mchanga, ukawa mtupu, mwekundu, wa moto kidogo kutokana na taa. Nikachora kiatu cha farasi.

"Huyu ni Nabii Ibrahim," nikasema kwa Kiingereza.

Nikachora mviringo kumzunguka, na mwingine, na mwingine. Nikaeleza kwamba palikuwa na mfalme aliyewataka watu waabudu masanamu, na Ibrahim akayavunja masanamu yale. Mfalme akaamuru akusanyiwe kuni, ukawashwa moto mkubwa hata ndege hawawezi kupita juu yake, na Ibrahim akatupwa ndani. Nikachora ndege wanageuka. Nikasema wanyama walijaribu kumwokoa. Chura alibeba maji mdomoni, akayatema motoni, akarudi kuchota mengine. Nikachora njia yake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Sasa mjusi," nikasema. Nikasikia mtu anasogea karibu. "Mjusi wa ukutani alikuja naye. Wenzake wanazima, yeye akawa anapuliza. Fuu! Fuu! Ili moto uzidi."

"Mshenzi!" akasema mtu nyuma yangu, na watu wakacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine.

"Ndiyo maana tunamwita kafiri. Kwetu watoto tunafundishwa kumpiga. Ukimpata kwa pigo moja unapata thawabu nyingi. Ukihitaji la pili zinapungua. Bibi yangu ni maarufu mtaani kwa pigo moja."

Kicheko kikajaa chumba. Nikaufuta mchanga kwa kiganja kama nilivyoona, nikamchora Ibrahim ameketi peke yake bila duara, na nikasema Mungu aliuamuru moto uwe baridi na salama, akatoka hakuungua hata uzi wa nguo. Nilipomaliza nilikuwa bado natazama chini. Viganja vyangu vilikuwa vyekundu.

"Umewaambia nini?" bibi akauliza. "Mbona wananiangalia kwa heshima?"

Mama mgeni akasema kwamba kwao mjusi yumo katika hadithi za nchi ya baba yake. Wakati wa mwanzo wahenga wa wanyama walitembea jangwani, na mahali walipopita pakawa vilima na visima vya maji. Mengine ya hadithi hiyo anaweza kuyasema mbele yetu, mengine si ya kusemwa hapa, na mengine hata yeye si yake kuyasema. Lakini mjusi ni kama jamaa. Mtu wa kwao akimwona hainui kiatu.

Nikamtafsiria bibi, na sasa sikunong'ona, kwa sababu Mlingoti alisema, "Paza sauti, na mimi nasikiliza." Bibi akafikiri. Alifikiri kwa muda, uso wake ukiwa kama wa kadhi mwenye kesi ngumu.

"Muulize," akasema. "Huko kwao ni mbali na kwa Nabii Ibrahim?"

Nikauliza. Mama yule akasema ni mbali sana, ni ng'ambo ya bahari.

"Basi huyu wa Australia hakuwapo," bibi akahukumu. "Angefikaje? Moto ulizimika yeye bado yuko kwao. Hana kosa huyu. Mwambie nimemfutia."

Nilipotafsiri hilo, mwalimu alilazimika kuvua miwani akapangusa macho. Mama mgeni alicheka mpaka kitambaa chake kikalegea. Bibi akavaa kiatu, akainama, akamshika mkono yule mama.

"Na umwambie anisamehe. Sikujua kama yule ni mtu wa nyumbani kwake."

Mama yule alisema yamekwisha. Akaongeza kwamba mjusi akisimuliwa hadithi hii naye atahitaji muda wa kuifikiria.

Nikainuka kurudi mahali pangu. Ndipo nikakumbuka. Nilimtazama mwalimu, na yeye alikuwa ananitazama, kalamu mkononi, na nikajua anawaza nini. Nilichosimulia kilikuwa habari za nabii na moto. Hapakuwa na jangwa wala sayansi ndani yake.

"Ile ilikuwa nzuri sana," alisema taratibu. "Lakini siwezi kuitia alama. Ulikuwa umemchagua bilbi."

"Aa, Miss!" Mlingoti akaruka. "Jamani! Kazungumza kuliko sisi sote!"

"Najua amezungumza. Sasa nataka nimsikie bilbi."

Nilihisi ulimi unaanza kulala tena. Bibi akanitazama bila kuelewa neno lakini akielewa kila kitu. Safari hii hakupaza sauti. Alisogeza magoti yake pembeni tu ili nipate nafasi ya kupita. Mama mgeni alikuwa amekwisha kuufuta mchanga.

Nikakaa tena. Nikachora mstari unaokwenda chini ukizunguka kama ngazi za mnara.

"Hili ni shimo lake," nikasema. "Linazunguka hivi ili adui asione ndani na joto lisifike chini. Mchana jangwa linachemka, yeye yuko huku, kwenye ubaridi."

Sentensi ya pili ikaja, na ya tatu. Nikachora masikio, nikaeleza jinsi damu inavyopita kwenye ngozi yake nyembamba ikapoa. Nikasema hahitaji kunywa maji, maji anayapata ndani ya wadudu na mizizi anayokula. Mtu akauliza kama haoni kiu. Nikamjibu! Sikuwa nimekariri jibu la swali hilo, lilitoka tu. Mwingine akauliza kuhusu mkia, nikauchora, nikaikwaruza ncha mpaka ubao wa sinia ukaonekana, nikasema huo ndio weupe wake. Mahali fulani katikati ya hayo niliinua uso kuona kama wanafuata, na macho yao yote hayakuwa kwangu. Yalikuwa mchangani, kwa bilbi, isipokuwa ya Mlingoti, ambaye alikuwa ameanza kutafuna kucha kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Nilipomaliza mwalimu akaandika kitu, akafunga kalamu yake.

"Septemba uko kwangu," akasema.

Hakusema zaidi. Nilisikia masikio yangu yanawaka kama nimeketi chini ya zile taa za jangwani. Bibi akauliza, "Kasemaje? Kasemaje huyo?" na nikamwambia, na akapiga kigelegele, kimoja tu, kirefu, ndani ya chumba ambamo wanyama walikuwa wamelala. Mfanyakazi wa bustani akaja mbio mlangoni.

"Haya," mwalimu akasema, akamwashiria Mlingoti. "Zamu yako. Kangaruu mwekundu."

Mlingoti akasimama. Akatazama watu, akatazama dari, akakohoa. "Miss," akasema, "mimi baada ya hiyo siwezi. Naomba niende wa mwisho."

Watu wakacheka. Mwalimu akageuka kutafuta mwingine wa kufuata, na mimi nilikuwa bado nimeketi pale mchangani, sijaondoka. Nikainua mkono. Mwaka mzima mkono wangu haujapanda, na yeye mwenyewe alibaki ameutazama kama haelewi ni wa nani.

"Ndiyo?"

"Kuna kitu sijasema," nikamwambia. "Kuhusu mfuko wa mama bilbi anamobeba mtoto. Unafunguka nyuma, si mbele kama wa kangaruu, ili akichimba mchanga usimwingie mtoto. Naweza kuuchora?"

Mwalimu akaangalia saa ukutani, akaniangalia mimi.

"Kwa kifupi," akasema.

Nikaufuta mchanga.